Fimbo ya Mtazamaji

Katika nchi ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyokuwa pande lake moja mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012, farasi ni mnyama wa kusikiwa habari zake kuliko wa kuonekana. Mbung'o wa mapori, na ile ndwele ya farasi iliyotanda kusini mwa jangwa la Sahara, havikumpa nafasi ya kuizoea nchi. Na James Grant, Mskoti aliyebaki kwa Mfalme Rumanyika tangu Januari hadi Aprili 1862 kwa sababu ya kidonda cha mguu, alipoondoka kumfuata mwenziwe Speke kwenda Buganda alipandishwa machelani akabebwa mabegani mwa watu. Mnyama wa fahari hapa ni ng'ombe mwenye pembe ndefu, ndugu wa ng'ombe wa Ankole ng'ambo ya Mto Kagera, na mtu akitaka kusifu uzuri husifu kwanza ile rangi nyekundu iliyokoza iitwayo bihogo, na upana wa pembe, ndipo ageukie vitu vingine.

Huenda msomaji akauliza ni jambo gani basi linalowafanya wafugaji wa ng'ombe wajishughulishe na farasi wa Ulaya, na jibu langu ni kwamba mtu asiye na mapenzi wala uadui na mchezo wa farasi, lakini aliyeshika fimbo ya kuchungia tangu utoto wake, ni shahidi wa insafu zaidi kuliko mashabiki wa mchezo na kuliko wale wasiopata kumswaga mnyama hata siku moja. Baraza lifuatalo nimelitunga mwenyewe. Wasemaji wake nimewaita kwa kazi zao na maneno yao ni ya kubuni, ila matukio wanayoyataja ni ya kweli. Uenyekiti nimejipa mimi, kwa kuwa mwandishi ana udhaifu wa kupenda kiti.

Hoja iliyowekwa mbele yao ni hii: kwamba haijuzu mnyama kuumizwa ili apendeze machoni pa watu.

MWENYEKITI: Kabla sijawapa ruhusa ya kusema, nawaelezeni kisa. Upo mchezo uitwao dresaji, ambao farasi hashindani mbio na mwenziwe wala haruki vizuizi. Huingia peke yake katika uwanja wa mita 60 kwa 20, na mpandaji akiwa mgongoni, huenda kwa madaha: mara hunyanyua miguu kwa mapigo kama ya ngoma pale pale aliposimama, mara huvuka uwanja kwa ubavu, mara huzunguka juu ya miguu yake ya nyuma. Mahakimu walioketi pembezoni hulipa kila tendo alama, tangu 0 hadi 10. Mchezo huu umo katika Olimpiki tangu mwaka 1912, na sifa yake kubwa, kwa kauli ya wenyewe, ni farasi kuonekana anatenda kwa hiari na ridhaa, wala ishara za mpandaji zisidhihiri.

Mwezi Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, Charlotte Dujardin wa Uingereza, ambaye alikuwa amekwisha kupata nishani sita za michezo hiyo, alijitoa baada ya kutokea picha za video zinazomwonyesha akiwa amesimama chini, akimchapa miguuni kwa mjeledi mrefu farasi aliyepandwa na mwanafunzi, zaidi ya mara 20 kwa muda wa dakika moja hivi. Alikiri kuwa anaona haya kwa tendo hilo. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faranga za Uswisi 10,000. Wala kisa hicho hakikuwa cha kwanza. Mwaka 2009, katika mji wa Odense nchini Denmark, farasi mmoja alionekana katika uwanja wa kupashia viungo, shingo imekunjwa mpaka kidevu kinakaribia kifua, na ulimi unaning'inia nje ukiwa umegeuka rangi ya samawati kwa kubanwa na chuma cha lijamu. Ghasia zikawa kubwa, na Februari 2010 shirikisho lile lile likatangaza kuwa kuikunja shingo ya farasi kwa nguvu na ukali hakukubaliki. Hayo ndiyo mambo. Mzee, anza wewe.

MZEE MFUGAJI: Mwenyekiti, na ninyi ndugu zangu, mimi nilizaliwa nikaikuta fimbo ukutani na nitakufa niiache ukutani, kwa hiyo asidhani mtu kuwa nimekuja hapa kuitukana. Ng'ombe wangu hupita kila siku baina ya migomba ya mtu huyu na mibuni ya mtu yule, na ng'ombe akitia kinywa katika shamba la jirani, kesi haimwendei ng'ombe, hunijia mimi. Fimbo yangu ina kazi, na kazi yake kubwa ni kuonekana. Naiweka mbele ya pua ya ng'ombe, hugeuka. Naigonga ardhini, husikia. Kumgusa ni mara chache, na anayemgusa mno huambiwa na wenzake kuwa hajui kuchunga. Ng'ombe wa kwetu wana majina, na akiitwa kwa jina lake huja. Sasa nasikia habari za mapigo ishirini katika dakika moja. La kwanza naweza kulitafutia udhuru, la pili nitalitafutia kwa shida. Likifika la tatu, waitu, mnyama hajui tena anachoulizwa, na mpigaji naye amesahau alikuwa akiuliza nini. Hapo mtu ameacha kufuga, anaitua ghadhabu yake juu ya kiumbe asiye na pa kwenda.

MSAFIRI: Tata, nakuheshimu, lakini naomba niseme maneno ya upande wa pili, maana mimi ni mtoto wa Nkwenda niliyekula chumvi ya zizi la farasi huko Maskati, na nayajua kwa mikono yangu. Farasi wa mashindano hulala mahali pakavu kuliko nilipolala mimi. Chakula chake hupimwa kwa mizani, kwato zake hukaguliwa kila siku, mganga wake huja usiku akiitwa, ilhali mimi niliposhikwa na homa niliambiwa ninywe maji mengi. Jambo la pili ni uzito wake. Mnyama wa kilo mia tano na zaidi, ambaye hofu ikimshika hukimbia kabla hajatazama, asipotiishwa ataua mtu, na pengine atajiua mwenyewe. Nimeiona kule Omani sherehe ya Ardha, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya turathi za wanadamu: farasi hulazwa chini kwa amri, na wengine hupiga mbio ubavu kwa ubavu huku wapandaji wamesimama juu ya migongo yao, wameshikana mikono. Je, mnadhani mambo hayo hufika bila nidhamu? Mtoto wa watu akifunzwa ngoma au dufu hukaripiwa. Na sisi sote hapa tuliosoma shule tunakijua kiboko.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya tatu, na naomba mnivumilie kwa kuwa ni chungu. Sisi wa Karagwe tunawachinja ng'ombe wetu. Tunawapakia katika malori kwenda Mwanza na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa hiyo ya Dar es Salaam, wamesimama juu ya mavi yao, kisha tunawala. Mzungu yule alimchapa farasi, akamrudisha zizini akala shayiri. Mwenye kisu ana haki gani ya kumlaumu mwenye mjeledi?

Hapo baraza likanyamaza kidogo, na mimi nikaona kuwa Msafiri ameisema hoja ambayo wengi wetu huikwepa kwa kuwageukia Wazungu. Mchinjaji, ambaye hata hivyo si mtu wa maneno mengi, akaomba nafasi.

MCHINJAJI: Bismillahi. Ndugu yetu ameuliza, na mwenye kisu ni mimi, basi nijibu. Kazi yangu ina adabu zake, na adabu hizo sikuzitunga mimi wala babu yangu. Tumefundishwa kuwa kisu kinolewe kikate mara moja. Kwamba kisinolewe mbele ya mnyama akaona. Kwamba mnyama asichinjwe huku mwenziwe anatazama. Na kwamba asipigwe usoni wala asichomwe chapa usoni, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza hayo. Tazama basi: sheria imenihalalishia roho ya ng'ombe, ambalo ni jambo kubwa, na papo hapo ikaniharamishia maumivu yake yasiyo ya lazima, ambayo mtu angeyadhani madogo. Ng'ombe ninayemchinja, haja yake ni njaa ya watu. Maumivu yakizidi haja hiyo kwa ukucha mmoja, dhima iko shingoni mwangu. Sasa na mimi nimuulize Msafiri: yale mapigo ishirini yalikuwa na haja gani? Yalishibisha nani?

MSAFIRI: Yalitafuta alama.

MCHINJAJI: Basi nimekwisha. Ila kwa habari ya malori sina utetezi, na nitalirudia baadaye Mwenyekiti akiniruhusu.

MWENYEKITI: Ruhusa unayo. Bwana Mifugo, wewe ndiwe uliyesoma miili ya wanyama. Tuambie kama mjeledi hufundisha.

BWANA MIFUGO: Hufundisha, Mwenyekiti, na hapo ndipo penye hatari. Farasi, kama ng'ombe, hujifunza zaidi kwa kile kinachoondolewa kuliko kwa kile kinachotiwa. Mpandaji hugusa ubavu kwa mguu, farasi husogea, mguu huacha kugusa. Ile raha ya kuachwa ndiyo inayomwambia kuwa amejibu sawa. Kwa hiyo mwalimu hodari ni yule mwepesi wa kuacha. Mtu anayeendelea kupiga baada ya mnyama kujaribu hili na lile amemfungia mlango wa jibu, na mnyama aliyefungiwa kila mlango hufikia hali ya kunyamaza: hatorokei popote, hapingi, anatenda. Mtu wa mbali humwona mtiifu. Tena farasi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha maumivu kwa tabia yake, kwa kuwa huko mwituni mwenye kuchechemea ndiye anayeliwa kwanza. Ukitaka kujua, usiitazame miguu inayocheza. Tazama kinywa kilichoachama au kilichofungwa kwa ukanda kisiweze kuachama, tazama mkia usiotulia, masikio yaliyolala nyuma, jicho lililotoa weupe.

Kwa upande wa ng'ombe, yaliyosemwa na Mzee kuhusu fimbo ya kuonekana ni elimu kamili, na laiti wapakiaji wa malori wangeijua. Ng'ombe ana mizani yake begani. Mtu akisimama nyuma kidogo ya bega, ng'ombe huenda mbele. Akipita mbele ya bega, husimama au hurudi. Hatua mbili za mtu zinatosha kumsogeza mnyama wa kilo mia nne bila kumgusa. Wasiolijua hilo husokota mkia mpaka uvunjike, au humdunga mnyama penye sehemu za siri, naye kwa kuwa mbele yake pana giza la lori na nyuma yake pana uchungu, huruka, huteleza na kuvunjika mguu.

Na sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, imemkiri mnyama katika Tanzania kuwa ni kiumbe mwenye hisi. Kukiri huko ni jambo kubwa kwa nchi yoyote, ijapokuwa wengi wanaomswaga ng'ombe kwenda mnadani hawajapata kuisikia.

MZEE MFUGAJI: Nisikie sheria gani, Bwana Mifugo? Sheria niliyoisikia mimi ni ya chapa. Mlikuja na Sheria ya Utambuzi wa Mifugo ya mwaka 2010, na ilipofika 2017 mkasema kila ng'ombe achomwe moto, ijulikane huyu ni wa Tanzania na yule kavuka kutoka Rwanda au Uganda. Sisi tulio mpakani tulihimizwa kuliko wote. Nikayatia moto makalio ya ng'ombe niliyemzalisha kwa mikono yangu, akanitazama. Kama mnyama ana hisi, siku ile hisi zake zilikuwa wapi?

BWANA MIFUGO: Zilikuwapo, Tata, na sitakudanganya. Serikali ilihitaji alama, na moto ulikuwa ndio njia iliyozoeleka. Lakini walalamikaji walikuwa wengi, wakiwamo wenye viwanda vya ngozi, maana ngozi yenye kovu la chuma hushuka daraja. Na mwaka 2021 ikaanza kuhimizwa hereni ya kielektroniki ya sikioni badala ya moto. Hereni nazo zilileta manung'uniko yake kwa ajili ya gharama, hilo najua.

MZEE MFUGAJI: Kwa hiyo alipolalamika ng'ombe haikusikika, ikasikika alipolalamika mwenye ngozi.

Maneno hayo yalileta kicheko, na Bwana Mifugo mwenyewe alicheka, lakini mimi niliyaandika pembeni kwa kuwa yalikuwa na maana kubwa kuliko utani ulioyabeba. Wakati huo wote Bibi alikuwa ameketi mkekani, amejifunika kanga mabegani, na watu wakidhani amekuja kusikiliza tu.

BIBI: Wanangu, mmesema farasi, mmesema ng'ombe, na hapana hata mmoja wenu aliyekumbuka kuwa katika nchi hii fimbo ya kupendezesha iliwahi kushikwa juu ya kiumbe mwingine. Mjukuu wangu amenisomea kitabu cha yule Speke, kilichopigwa chapa mwaka 1863. Speke alifika hapa kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, na akastaajabia wake wa nyumba ya kifalme, walionenepeshwa kwa maziwa mpaka hawawezi kusimama. Akaingia kwa shemeji yake mfalme, akamkuta na binti yake wa miaka kumi na sita, binti anyonya chungu cha maziwa na baba amekaa karibu naye ameshika ufito. Akiacha kunywa, ufito. Unene ndio uliokuwa uzuri, na uzuri ulitafutwa kwa fimbo.

Nayo haya nayasema kwa uchungu, kwa kuwa binti yule ni wa kwetu. Lakini tazameni alilolifanya mgeni. Speke hakumwambia baba aweke ufito chini. Alitoa kamba ya kupimia akampima yule shemeji, mama wa binti: duara la mkono inchi 23, paja inchi 31, akaandika kitabuni kwake kama mtu anayepima gogo. Kwa hiyo nyumbani mle walikuwamo wawili: mmoja ana ufito, mwingine ana kipimo. Yule mwenye ufito tunamshutumu leo sote, na tunafanya vema. Na huyu mwenye kipimo? Na wale walioketi barazani kwa mfalme, waliokuwa wakimsifu mwanamke kwa kadiri ya unene wake? Baba yule angelishika ufito kwa ajili gani kama hapana jicho lililokuwa likingoja kuona?

Msafiri, mwanangu, umesema yale mapigo yalitafuta alama. Ni nani anayezitoa hizo alama?

MSAFIRI: Mahakimu, Bibi. Lakini hakimu huona kilichomo uwanjani. Yaliyofanyika zizini miaka iliyopita atayajuaje?

BIBI: Mimi sijui farasi. Bwana Mifugo, aliyechapwa ana dalili au hana?

BWANA MIFUGO: Dalili nyingi zimo uwanjani, Bibi, nimekwisha kuzitaja. Tena iko moja iliyo wazi kuliko zote. Kanuni ya mchezo wenyewe inataka uso wa farasi uwe mbele kidogo ya mstari wa wima, yaani pua itangulie. Na farasi wengi waliokunjwa shingo mpaka uso ukarudi nyuma ya mstari huo wametoka uwanjani na alama kubwa na makofi. Hilo hutendeka mchana, mbele ya mahakimu na halaiki ya watu walionunua tiketi.

BIBI: Basi zizini kunatendwa kile ambacho uwanjani kinalipwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha Bibi kuwa mjadala una utaratibu na kwamba maswali hupita kwa mwenyekiti, lakini nikaona aibu, kwa kuwa alikuwa amelifikisha jambo mahali ambapo mimi na utaratibu wangu tusingelifikisha. Nikajiongezea ushahidi mmoja tu wa zamani. Myunani Xenophon, askari na mwanafunzi wa Socrates, aliandika juu ya upandaji farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na hoja yake ni kwamba kinachofanywa na farasi kwa kulazimishwa hakina uzuri wala farasi hakielewi, sawa na mchezaji ngoma anayechezeshwa kwa kuchapwa. Ni jambo la kufadhaisha kuwa watu wa dresaji humtaja mtu huyo kwa taadhima kama baba wa sanaa yao.

MZEE MFUGAJI: Mwenyekiti, kama mtu anataka mnyama aliye mzuri, asiyekataa, asiyechoka, asiyeumwa, wafalme wetu walikuwa naye. Ng'ombe wa chuma waliofuliwa hapa Karagwe, pembe zao zimepinda kwa madaha, wakawekwa pamoja na mikuki na alama nyingine za ufalme. Wazee huwanasibisha na Ndagara, baba yake Rumanyika, aliyesifiwa kwa ufundi wa kufua. Chuma hicho kilipigwa nyundo mapigo mengi kuliko ishirini na hakikuumia. Mwenye hamu ya kupiga ili apate uzuri aende kwa wafua chuma.

MSAFIRI: Tata, umenishinda kwa mfano, lakini hujanishinda kwa hoja. Nasema wazi mbele ya baraza: mkiufuta mchezo, farasi hao hawataachiwa malishoni wapate kustarehe. Watauzwa, na wengi watachinjwa, kwa kuwa hapana anayemlisha bure mnyama wa bei kubwa. Mimi nimewapenda farasi niliowatunza. Kuna mmoja alikuwa akisikia nyayo zangu hulia. Mpandaji wake hakuwa na mjeledi wa hasira, na alishinda. Je, huyo naye mtamtia katika hukumu moja na wengine?

BIBI: Hapana, huyo ni shahidi wetu.

MCHINJAJI: Mwenyekiti, nilisema nitarudi kwenye malori. Hapa mnadani mnunuzi humtazama ng'ombe pembe, kifua na nundu, akapatana bei, akalipa. Haoni kitu kingine. Mimi ninayemchuna ndiye ninayeona: damu iliyovilia chini ya ngozi mahali pa kila fimbo, ubavu wote mweusi upande aliouangukia, mkia uliotenguka. Nyama ya ng'ombe aliyehangaishwa sana kabla ya kuchinjwa huwa nyeusi na ngumu na haidumu, kwa kuwa nguvu iliyokuwa mwilini imekwisha njiani. Nimekata na kutupa vipande ambavyo mtu alivilipia kwa fedha taslimu. Na mwenye kulipia ni nani? Mfugaji amekwisha kulipwa, mpakiaji amekwisha kulipwa, dereva amekwisha kulipwa. Lau bei ingepangwa baada ya kuchuna, wote watatu wangejifunza upole kwa wiki moja.

Baada ya hayo wasemaji walirudia mengi yaliyokwisha kusemwa, nami sitayaandika. Nikawaomba wapige kura. Wanne waliiunga mkono hoja. Msafiri akajizuia, akisema kuwa anaipinga fimbo lakini hatapiga kura juu ya mchezo na watu ambao hawajapata kuuona kwa macho yao, na nikaona kuwa ana haki ya kujizuia.

Hukumu yangu kama mwenyekiti ni hii. Sioni sababu ya kuutaka mchezo wa farasi ufutwe, kwa kuwa yule farasi wa Msafiri aliyeshinda bila hasira ameonyesha kuwa unaweza kuchezwa kwa hisani. Lakini kumfungia mpandaji mmoja mwaka mmoja, na kuwaacha mahakimu wakitoa alama kwa shingo zilizokunjwa kama walivyozoea, ni kuuadhibu mkono na kulisamehe jicho. Mpandaji ni mtu wa kufuata soko. Siku ambayo kinywa kilichobanwa kitaporomosha alama hadi 3, lijamu zitalegezwa katika mazizi yote ya Ulaya bila kuhitaji kamera ya siri. Shirikisho la FEI limeanza mwaka 2025 kutumia kifaa cha kupimia kukaza kwa ukanda wa puani. Ni mwanzo mwema, ingawa ukanda ni sehemu ndogo ya shauri lote. Hakimu aliyempa alama nyingi farasi aliyekwenda kinyume cha kanuni iliyoandikwa aitwe aeleze, kwa jina lake, kama alivyoitwa mpandaji.

Na kwa kuwa insafu huanzia nyumbani, nasema vile vile juu yetu. Mnunuzi wa ng'ombe katika minada ya Karagwe na Kyerwa ndiye hakimu wetu, na mpaka sasa anatoa alama kwa pembe na kifua, akifumba macho kwa mkia uliovunjika. Halmashauri za wilaya hizi mbili hutoza ushuru wa ng'ombe wanaouzwa mnadani. Naziomba zitenge sehemu ya ushuru huo zijenge kipakilio cha mawe na udongo, chenye mteremko wa pole na kuta mbili za pembeni, katika kila mnada usiokuwa nacho, ili ng'ombe apande lorini kwa miguu yake. Nawaomba na wanunuzi, kabla hawajahesabu fedha, wamzunguke ng'ombe mpaka nyuma, watazame mkia na mapaja, na wakikuta amepigwa, wateremshe bei na waseme kwa sauti ni kwa nini.